Alichokuwa Akisoma Yule Binti

Kaka Eivind,

Kuni zimekauka, na ile jamu unayoipenda nimekuwekea chupa mbili. Wakili anasema tumeshinda. Mahakama imemtia hatiani yule binti aliyemgonga kwa gari na kumuua mume wangu Torleif karibu na sanduku letu la barua, na bima italipa fidia.

Niliomba kuonana naye. Nikamuuliza, "Ulikuwa unasoma nini kwenye simu?"

"Ujumbe wa mama," akasema. "Aliniuliza, 'Umefika salama, mwanangu?'"

Tangu siku hiyo, simu ikilia tu, namwona Torleif barabarani, gazeti mkononi, anageuka.

Jumamosi nitaendesha kuja kwako. Najua wasiwasi wako, kaka. Nakusihi, usiniulize nimefika wapi.

Mdogo wako,
Ragnhild