Koti la Baba Watoto na Mlango wa Sebuleni

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Fundi rangi anakuja saa nne, mfungulie. Lile kopo la kijivu asithubutu kuligusa.

Najua umenuna. Nilipoucheka mlango wa sebuleni ulioujaribishia kijivu, uliingia bafuni, na mpaka natoka kwenda kazini hujatoka humo. Samahani kwa kicheko, lakini neno langu nimeling'ang'ania: ukuta wetu wa krimu ulikuwa umechangamka, na kijivu chako kimeufanya kama umeamka na homa.

Basi nikaanza kupima rangi gani ya mlango itaufaa ukuta huo. Nikaegemeza ukutani mto wa bluu, ukuta ukanuna kama wewe. Taulo la zambarau la binti yako, nikafumba macho. Mwisho nikatundika koti lako la kazi, lile la kijani kilichokolea ninalolichukia mwaka wa tisa huu. Ukuta ukang'aa! Nikasonya peke yangu.

Mpe fundi hilo koti, aende nalo dukani wamchanganyie kijani hichohicho. Kwa koti umeshinda, ila usiwatangazie majirani.

~~Mlango ukikauka, koti naligeuza tambara.~~ Nimeghairi. Livae tu, hata wageni wakija.

Mama watoto wako