Farasi Asiyetaka Kuambiwa Tulia

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, ingawa nakiri tangu mwanzo kwamba sijui kama naomba ushauri au natafuta tu mtu wa kuniunga mkono, kwa maana uamuzi nimekwisha kuutoa mbele ya watu na sina nia ya kuutengua. Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu, na jioni hufanya mazoezi na farasi jike ambaye marehemu baba alituachia mimi na kaka yangu kwa pamoja. Tunamwita Bibi Harusi, kwa kuwa hapigi hatua mpaka abembelezwe. Kwa miezi sasa, kila tunapofika kwenye kona ya uwanja iliyo karibu na lango, yeye hukaza shingo, hurusha kichwa juu, hurudi kinyumenyume, na mara moja alisimama kwa miguu ya nyuma nikabaki nimemkumbatia shingoni kama mtoto anayeogopa kuogeshwa, huku kaka, ambaye ndiye mwalimu wa wapandaji wote pale, akipiga kelele, "Dada, huyo anakupima! Mchape!"

Basi wiki iliyopita mafua yalinikausha sauti kabisa, nikapanda hivyo hivyo nikiwa bubu, na Bibi Harusi akaipita kona ile kama haipo, akairudia na kuirudia, na hapo ndipo nilipotambua kwamba siku zote, kabla ya kona, mimi humwambia "tulia", na papo hapo huvuta hatamu kwa nguvu, kwa hiyo nadhani neno hilo kwake ni onyo kwamba kinywa chake kinakaribia kuumizwa. Sauti iliporudi, nikamweleza kaka nikiwa juu ya farasi, naye akacheka mpaka akashika uzio. "Kumbe tumefuga mwanaisimu! Basi mpeleke chuoni akakusaidie kusahihisha mitihani." Kisha akaleta lijamu ya kumtia kinywani, ya chuma kilichosokotwa, akasema Jumamosi, mbele ya wanafunzi wake na wazazi wao, atampanda yeye mwenyewe kwa lijamu hiyo na mjeledi, na asipotii atauzwa. Nikashuka, nikafungua tandiko, nikamwambia mbele ya wapandaji wote, "Kaka, nakuheshimu, lakini chuma hicho hakitaingia kinywani mwake mimi nikiwa hai," nikaondoka na farasi. Tangu hapo hatusalimiani, shangazi anasema nimemvunjia kaka heshima kwa ajili ya mnyama, nami najiuliza: je, namtetea farasi, au naitetea nadharia yangu iliyojengwa juu ya siku moja ya mafua?

Mhadhiri Mkaidi

Mhadhiri Mkaidi,

Pole kwa ugomvi wa nyumbani. Lakini acha kujishitaki. Hukumvunjia kaka yako heshima. Ulimnyima nafasi ya kuumiza. Hayo ni mambo mawili, na shangazi aelezwe hivyo, kwa adabu, akiwa ameketi.

Sasa nikugombeze. Umeligundua neno, ukaufurahia ugunduzi wako kama msomi, ukausahau mkono. Neno halikumuumiza farasi. Aliyemuumiza ni wewe, kwa sababu unaiogopa kona ile kabla yeye hajaiogopa. Mdomo unasema amani, mikono inasema hatari; kiumbe yeyote mwenye akili ataiamini mikono. Ukianza kumwambia "polepole" huku unavuta, baada ya wiki utakuwa umeliharibu na hilo.

Na mbona hujamwita daktari wa mifugo? Barua nzima ya mtu aliyesoma, na hakuna mstari mmoja kuhusu meno wala mgongo! Farasi anayerusha kichwa huenda ana jino bovu, au tandiko linambana. Huenda siku ile ya mafua ulikuwa mnyonge tu, ukalegea, naye akapata kupumua. Sikuwepo, siwezi kuapa. Nadharia yako yaweza kuwa sahihi, yaweza kuwa nusu sahihi. Ndiyo maana daktari aitwe kesho, kabla hujaijenga zaidi.

Kuhusu kaka: ana nusu ya farasi, nawe una nusu. Mwambie nusu yako imekataa, na ile iliyobaki akiweza kuipanda peke yake, sote tutakuja kutazama. Usilie. Usimhutubie kama uko darasani. Sema mara moja, unyamaze.

Jumamosi usijifiche. Daktari akiona maumivu, Bibi Harusi abaki bandani, na kaka achague farasi mwingine wa kuonyeshea ubingwa. Akimkuta mzima, mpande wewe, mbele ya wazazi hao hao, hatamu zikiwa zimelegea, mdomo umefungwa, macho yakitazama mbele kupita kona. Akipita, usimgeukie kaka yako. Akigoma, shuka mbele ya wote, kivumilie kicheko chao, na bado chuma kile kisiingie kinywani mwake. Kushindwa kwako hadharani hakumpi mtu ruhusa ya kumuumiza.