Vidole Kumi vya Golikipa

Jumatatu, 3 Machi
Mashine imenikataa! Miezi saba nangoja kuitwa nichukuliwe alama za vidole. Leo nimeitwa, naweka mkono kwenye kioo — taa nyekundu. Nafuta, naweka tena. Nyekundu. Afisa, dada wa makamo, akavigeuza vidole vyangu kama anachagua nyanya. Unafanya kazi gani? Nafua mashuka ya hospitali. Akaguna. Dawa ya kung'arishia imekula mistari yote. Nirudi tarehe 17, nisiiguse dawa. Nisiiguse! Na mwanangu ale nini?

Mashine ikisoma, namba ya kadi ya ukaazi inatoka papo hapo. Bila namba siandikishwi kwenye ligi ya mpira.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwambia Kocha. Usajili unafungwa tarehe 17, saa kumi jioni — siku ileile! Sindano, mshambuliaji wetu mwembamba, akasema golikipa hana vidole, hii timu ina mambo. Tukacheka mpaka Kocha naye kacheka. Halafu Sindano kwa sauti ya chini: usijali mwenzangu, tutavirudisha.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi wetu wa kufulia tunamwita Pasi kwa jinsi anavyonyoosha watu. Nilijua nikisema siwezi kugusa dawa, leo nafukuzwa. Kumbe! Kanionyesha vidole vyake — laini kama vyangu. Yeye mashine ilimkubali mara ya tatu. Kanihamishia kukunja, mashuka makavu tu. Ila nisijitie malkia, siku kumi tu basi.

Nyumbani navaa glavu za golini, ndani mafuta ya mgando. Sindano anakuja kuosha vyombo. Nywele za mwanangu Kidoti nilizichana nikiwa na glavu zangu, zimekuwa kiota cha ndege. Ana miaka mitatu, kasema: Mama, una mikono ya katuni.

Jumatano, 12 Machi
Mama kapiga simu. Mzazi na mpira wapi na wapi? Niliendea maisha au kurukaruka? Sikumjibu vibaya, mama ni mama. Lakini nilipofika huku hakuna aliyejua jina langu. Nilikuwa napita kando ya uwanja, Kidoti mgongoni, mpira ukaja kasi — nikaudaka kwa mkono mmoja. Filimbi ilimdondoka Kocha mdomoni. Kesho yake nikawa na watu kumi wa kunisalimia. Hayo mama hajayaona.

Gumba limeanza kuota mistari! Nimeiona juani.

Jumapili, 16 Machi
Mechi ya kirafiki. Kocha kanionya: usidake, piga teke, piga ngumi, hivyo vidole ni vya serikali mpaka kesho. Nikaitikia. Dakika ya mwisho, penalti. Mwili haukusikia la mtu — nikadaka! Kwa vidole vyote kumi! Wenzangu badala ya kushangilia wakanikimbilia kunivua glavu. Gumba la kulia limevimba kama kitunguu.

Kocha kalifunga barafu bila neno. Bora angenitukana. Mjinga mimi.

Lakini nilidaka.

Jumatatu, 17 Machi
Saa tisa na robo. Niko kwenye benchi, naandika kwa mkono wa kushoto, mistari inapanda mlima. Vidole tisa — kijani! Kijani tisa! Gumba — nyekundu.

Ni afisa yuleyule. Kauliza limefanya nini. Ningeweza kudanganya kwamba nilibanwa na mlango, lakini nikasema kweli: penalti, jana. Akainua macho. Ulidaka? Nilidaka. Akanipa kikombe chake cha chai kimejaa maji baridi. Loweka, uvimbe ushuke. Nitakuita tena kabla hatujafunga.

Kidoti ameshika kikombe kwa mikono miwili kama amebeba yai. Anamwambia kila mtu anayepita: shhh, mama ana kidole kinaoga.

Kocha kapiga simu. Yuko ofisi ya ligi, fomu yangu imejaa, imebaki sehemu ya namba. Kalamu anayo mkononi. Nyuma yake namsikia Sindano anamsimulia karani maisha yake yote ili asifunge dirisha.

Saa tisa na nusu. Uvimbe umeshuka. Nadhani. Mistari naiona, myembamba, lakini ipo.

Mlango umefunguliwa. Afisa kachungulia. Watu wote tumeshika vikaratasi vya namba, lakini hajaita namba. Kaita: "Golikipa!"

Nalikausha gumba kwenye gauni la Kidoti —