Mlango Mmoja wa Kiuu

Mpendwa ndugu yangu Njoroge,

Wanjiku hapokei simu zako kwa sababu yangu. Mama yake amekuwa akikuambia kwamba mtoto ana kazi nyingi za shule. Si kweli, na hii ni wiki ya tatu. Kuna msichana wa darasa lake aliyemwonyesha, kwenye simu ya mamake, ile habari niliyoandika gazetini miaka minne iliyopita kuhusu ukumbi wako wa video pale Kiuu. Ina jina langu juu. Binti yako sasa ana miaka tisa na anasoma vizuri. Alisoma mpaka mwisho, akaelewa kwamba babake alikuwa akifungia watoto ndani ya chumba cha mabati chenye mlango mmoja.

Ningekuandikia kwa faragha, lakini sikukukosea faraghani.

Jumamosi nilimchukua Wanjiku kwao Gitothua nikampeleka sinema hapa Ruiru. Filamu niliichagua kwa ajili yako: katuni mpya ya ile hadithi ya zamani ya baharia ambaye meli yake inazama, akabaki peke yake kisiwani miaka na miaka. Unaijua kuliko walioitengeneza. Uliwatafsiria watoto filamu yake ya kale pale ukumbini kila likizo, kipaza sauti mkononi, na kila likizo ilikuwa filamu nyingine.

"Huyu jamaa ametoka kwetu Gatuanyaga," ulikuwa ukiwaambia watoto mawimbi yakipanda. "Hajawahi kuona maji mingi hivi. Sasa ameona, na hana hata jerikeni."

Wanacheka, halafu mlingoti unavunjika na kicheko kinakatika. Hapo ulinyamaza. Hukusema neno mpaka baharia afike mchangani, na hakuna aliyekohoa. Mimi nilikuwa nimeketi benchi la mbele na daftari, nikihesabu vichwa.

Katuni hii inamaliza dhoruba kwa wimbo. Nilitazama saa: haikufika dakika mbili. Baharia anaamka ufuoni nguo zikiwa kavu, anapokelewa na mbuzi wanne wenye mzaha, na kabla hujamaliza soda ana nyumba ya ghorofa yenye bembea. Hana njaa. Haugui. Haongei peke yake kama yule wa zamani, maana mbuzi hawampi nafasi. Rangi ni nzuri, sauti ni safi, na kila mahali palipokuwa na hatari wameweka kichekesho. Mama aliyekaa nyuma yetu alikuwa amelala.

"Tata, hii bahari haitishi," Wanjiku akaniambia mimi shangazi yake.

"Naona."

"Baba angesema nini hapa?"

Nikamwambia ile ya jerikeni. Nimeripoti habari miaka ishirini na sita na sijui kuigiza. Niliisema kama anayesoma taarifa ya saa saba. Alicheka kidogo, halafu akakumbuka kwamba amekukasirikia, akaacha.

Mbuzi walikuwa wakicheza densi. Bila kunitazama akauliza, "Alikuwa anafunga mlango?"

"Ulikuwa unafungwa. Mwanga ukiingia, picha haionekani."

"Na kufuli?"

"Hakukuwa na kufuli."

"Sasa ulifungwa na nini?"

"Na mgongo wa babako."

Nikamweleza. Mlango ule haukuwa na komeo, upepo uliusukuma. Kwa hiyo ulisimama ukiuegemea tangu filamu inapoanza hadi inapoisha, na mtoto akiogopa akitaka kutoka, ulisogea hatua moja akatoka. Kiti kilikuwepo. Nilikuuliza siku ile kwa nini huketi, ukaniambia, "Nikikaa nitachelewa kuinuka. Hawa ni watoto wa wenyewe."

"Hiyo uliandika?"

"Niliandika. Halafu nikaifuta."

Hakuna mhariri aliyenilazimisha, Njoroge. Wewe ni ndugu yangu, na niliona afadhali nionekane mkali kuliko nionekane nakutetea. Yaliyobaki yalikuwa sahihi: mlango mmoja, hakuna dirisha, watoto sitini na mmoja. Ningeyaandika tena leo. Maafisa waliufunga ukumbi, na sisemi walikosea. Lakini msomaji aliachiwa mtu aliyewabana watoto wa wenzake, kumbe mimi nilikuwa nimemwona mtu mwingine kwa macho yangu, siku mbili mfululizo. Watu wa Kiuu wakaanza kukuita Kufuli. Ukaenda Eldoret kuuza misumari na rangi katika duka la mtu, wewe uliyeweza kunyamazisha chumba kizima. Mara ya mwisho tuliposemezana ulisema, "Wewe andika tu, sis. Unajua kuandika." Sikukujibu, na wewe hukupiga tena.

"Kwa hivyo uliandika uongo?" Wanjiku akauliza.

"Kila nilichoandika kilikuwa kweli."

"Hujajibu, Tata."

Nimewahoji mawaziri walionipigia kelele, sikutoka jasho. Pale nilitoka jasho. Nikamwambia kwamba ndiyo, habari inaweza kuwa na mambo ya kweli tupu na bado imdanganye anayeisoma, na kwamba hiyo yangu ilifanya hivyo. Tulikaa mpaka majina ya watengenezaji yakapita yote, ingawa hakuna kati yetu aliyekuwa akiyasoma.

Langoni kwao Gitothua akaniambia: "Andika pale pale uliandika ile ingine. Ndio yule msichana pia asome."

Nilimwambia nitafanya hivyo. Hii hapa sentensi niliyoifuta, neno kwa neno, kama ilivyo kwenye daftari langu: *Mtafsiri wa filamu huuegemea mlango huo kwa mgongo wake muda wote, haketi, na humfungulia mara moja mtoto anayetaka kutoka.* Ilipaswa kuwa aya ya tatu.

Sikuombi unisamehe hadharani, wala sikungojei mimi. Anayengoja ni mwingine. Nilimuuliza kama atapokea ukipiga Jumapili saa tisa, mamake akiwa ametoka kanisani na simu iko mezani.

"Siwezi sema," akaniambia. "Apige kwanza."

Kaa salama huko Eldoret, na upige.

Dada yako mkubwa.