Damu ya Pili

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi.

Nina miaka sabini na tatu. Nimezika wake wawili, ndugu zangu wote, na kila mkandarasi aliyewahi kunipa kazi ya mawe. Nyumba zingine nilizojenga Kawangware zilishabomolewa. Mimi bado nimesimama.

Leo lakini nimelala. Niko wodi, naandika kwa simu na kidole kimoja. Dirisha linaangalia ukuta. Ukuta mbaya, sijui nani alimwambia aliyeujenga yeye ni fundi.

Jana kifua kilinibana nikiwa mlangoni kwangu, pale mtaa wa Kongo, Kawangware. Nikasema ni gesi. Mimi maumivu sisemi. Lakini jirani yangu Mama Akoth, yule anauza samaki, aliona jasho linanitiririka na baridi yote hiyo. Akanipakia kwa bodaboda kama gunia la simiti, akanileta hospitali.

Sister akatoa damu. Akauliza, kukiwa na shida wampigie nani. Nikampa namba. Akaijaribu, simu ikalia kwa mfuko wangu.

"Mzee, hii si ni yako?"

"Ni yangu. Mambo yangu najishughulikia."

Mama Akoth alicheka mpaka akashika kitanda. Mimi sikucheka. Niko na kijana wangu Kibera, anauza nguo Soko la Toi. Hatujaongea tangu tuzike mama yake. Namba yake iko kwa kichwa.

Sikuitoa.

Damu ikarudi safi. Si niliwaambia! Wodi yote ilinisikia: moyo wa fundi ni jiwe. Sister akasema nikae, ni mapema, watatoa nyingine baadaye. Nikamwambia damu ni ile ile, nikaanza kutafuta viatu.

Viatu hakuna. Mama Akoth alikuwa amevificha kwa beseni la samaki alilokuja nalo, amefunika na leso.

"Toka basi, fundi. Tembea na soksi, watu wa steji ya 56 wakuone."

Soksi zangu zina mashimo. Nikakaa.

Damu ya pili haikunitetea.

Daktari alinieleza pole pole. Misuli ya moyo ikiumia inamwaga kitu kwa damu, kinaitwa troponini. Hakionekani hapo hapo. Kinapanda baadaye, na vile kinapanda ndivyo wanajua moyo umeumia kiasi gani.

Yangu imepanda sana.

Hapo nilielewa, kwa sababu nimejenga. Msingi unaweza kushuka leo na plasta ikae sawa, ufa uje kuuona baadaye. Ningeenda na ile damu ya kwanza, ningelala kwangu, mlango nimefunga kwa ndani. Nani angebisha?

Nilichokataa kusema, moyo umekisema.

Leo saa ya kuona wagonjwa, Mama Akoth alikuwa sokoni. Vitanda vingine vyote vilijaa watu na chupa za chai. Nilijifanya nimelala.

Walipoondoka nilimwita sister, nikamwambia afute ile namba yangu. Nikamtajia ya kijana, sikukosea hata moja. Akapiga. Haikushikwa. Amesema atajaribu tena.

Kesho watatoa damu nyingine, waone kama imeanza kushuka. Watanipata hapa hapa.

Kama unadhani najisifu tu, muulize Mama Akoth, Kawangware 56, kwa wauza samaki. Viatu vyangu bado yuko navyo.