Shati la Mpiga Tarumbeta

Jinja,
Jumatano, baada ya adhuhuri.

Kwa kaka yangu Magid,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wifi yangu Sharifah mgongo umempoa, na duka lako hapo Mbale linauza sabuni na viberiti kama kawaida. Mimi sijambo. Mikono tu ndiyo imechubuka kwa maji ya majivu, lakini kazi hii niliichagua mwenyewe, simlalamikii mtu. Usishangae karatasi hii ilivyo nzito na kalamu inavyokwama hapa na pale. Nimeitengeneza kwa mikono yangu. Ningeweza kukupigia simu, ila kwenye simu wewe husema, mimi husikiliza, kisha unakata. Barua haikatwi.

Juzi uliniamuru niliondoe lile shati la karatasi kwenye maonyesho yangu hapa Jinja kabla ya Ijumaa, pamoja na kibao chenye jina la Baba. Ulisema nisipoliondoa, nisikanyage Mbale siku ya arusi ya Shadiah, na bibi arusi atatafutiwa shangazi mwingine. Kaka, shangazi hauzwi kwa jumla wala kwa rejareja. Mwanao hana shangazi wa tumbo moja na baba yake ila mimi, na tangu azaliwe nimeisubiri siku ya kumfunika mtandio. Nililia, sikufichi. Kisha nikanawa uso, nikakaa kuandika, na jibu langu ni hili: shati haliondoki.

Unasema nimeshuka, kutoka kuchonga mvule hadi kuchezea karatasi kama mtoto wa chekechea. Kazi hii huijui, basi nikueleze. Miaka kumi na minane nimechonga mti. Patasi huondoa, na ukikosea, kilichoondoka hakirudi. Karatasi inakwenda kinyume: unaokota kilichotupwa, unakichemsha, unakitwanga, unakirudishia umbo. Nilianza na magugu maji ya ziwani. Yalinuka mpaka jirani yangu Topista, anayeuza chai kwenye baraza ya duka la zamani la Wahindi, akaja kuniuliza kwa upole kama kuna mtu amenifia ndani. Nikajaribu mafunjo, nikajaribu migomba. Karatasi ya mgomba ni nzuri lakini kaidi, haikubali kukunjwa kola. Mwisho nikajua kwamba hakuna kinachoishinda pamba, hasa pamba iliyovaliwa na kufuliwa miaka mingi.

Shati nililijenga kwa karatasi mbichi juu ya kiunzi cha matete. Lilipokauka nikakitoa kiunzi, likabaki limesimama lenyewe. Kwa hiyo wale waliokutumia picha na kukuambia kwamba dada yako amechonga sanamu ya marehemu Baba, waambie waje wachungulie ndani. Hamna uso, hamna mkono, hamna mtu. Ni shati tu, na kifungo cha juu kiko wazi.

Jumamosi alikuja afande mmoja wa chuo cha jeshi cha Kimaka, jina lake Geresom, pamoja na mkewe. Akalizunguka mara mbili, akaniambia kwa Kiswahili chao cha kambini kwamba kifungo ya juu inafungwaga, hapana acha wazi. Nikamwambia mwenye shati hili alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi, naye alizoea kusema ukifunga kifungo cha juu pumzi haifiki. Akacheka, akauliza sasa mutu yenyewe iko wapi. Nikamjibu alifariki mwaka jana, Mbale, kitandani kwake. Alivua kofia na hakuivaa tena mpaka alipotoka.

Najua kinachokuuma. Umewaambia wakwe zako watarajiwa kwamba Baba alikuwa mfanyakazi wa Reli. Shafik, mchumba wa Shadiah, babu yake alichukuliwa enzi zile za askari na hakurudi, nawe unaogopa. Sikucheki. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ya askari ilipoangushwa, mimi sikuwa nimezaliwa, wewe ulikuwa na miaka sita, na ulipigwa mawe njiani kwa sababu ya nguo aliyoivaa baba yako. Mimi sijapigwa hata jiwe moja. Wala sidai kwamba Baba alikuwa malaika. Alisema alipiga tarumbeta tu, nami sijui aliona nini alipokuwa anapiga. Kwenye kibao nimeandika ninachokijua: Sajini Wahab, mpiga tarumbeta. Lakini kumfanya mtu wa Reli ni kumzika mara ya pili, na safari hii bila sanda. Mkataa kwao ni mtumwa, Mama alikuwa akisema hivyo huku anakuangalia wewe.

Shadiah naye ameliona. Alikuja Alhamisi iliyopita, akasoma kibao, akaniuliza kama babu yake hakuwa mtu wa Reli. Nikamwambia hakuwa. Alikisoma kibao mara ya pili, kisha akasema atamwambia Shafik yeye mwenyewe kabla ya nikaha, maana hataki kuhamia kwa watu na uongo ndani ya sanduku. Kwa hiyo usinipigie kelele kuhusu siri. Siri imeshatoka, na anayeitoa ni mtoto wa nyumbani kwako.

Sasa nina kosa langu, na hili naomba radhi. Baada ya arobaini ulinipa ule mfuko uliokuwa chini ya kitanda cha Baba, wenye shati lake la jeshi, ukaniambia nikalichome, majivu nimwage mtoni. Uliponiuliza nilikujibu kazi imekwisha. Nilikudanganya. Nililikata vipande vidogo kama ukucha, nikavichemsha kwa majivu, nikavitwanga kwenye kinu cha Mama. Vifungo vya shaba nikaviweka kando. Shati unaloniamuru niliondoe halifanani na shati la Baba. Ndilo lenyewe.

Pamba ilibaki kidogo, ikatosha karatasi moja tu. Ndiyo hii uliyoishika. Uliniagiza nichome, fungu hili nimekuachia wewe, mkubwa wangu, na viberiti dukani unavyo.

Nisalimie wifi Sharifah, na umwambie Shadiah mtandio wake uko tayari. Siku ya arusi nitashuka Mbale na basi la asubuhi, kifungo kimoja cha Baba nimekishona kifuani. Kama barua hii umeichoma, niambie pale mlangoni, nitakaa nje na wapishi. Kama hujaichoma, nipishe nipite.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Ramula binti Sajini Wahab