Ekseli Chini ya Makapi ya Ngano

Mpendwa Baba Mdogo Pritpal, kila Jumatano hapa nyumbani tunakusoma gazetini hata kabla ya bei za ngano, na leo ni zamu yangu kukulilia. Sisi ni wakulima wa miwa karibu na Phagwara na shida yangu ni trela, yaani si trela, ni baba, kwa sababu trela hiyo aliiunda mwenyewe mwaka niliozaliwa, kwa ekseli ya lori aliyoichagua kwenye vyuma chakavu, na tangu hapo imebeba miwa, imebeba kabati na vitanda vya mke wangu siku ya harusi, na kila msimu wa sikukuu ya Hola inampeleka mama na wanawake thelathini wa mtaa wetu hadi hekaluni Anandpur, wakiimba njia nzima, na asubuhi baba akiipitia huigonga ubavuni na kuiuliza, "Umelalaje, binti yangu?", mimi hajawahi kuniuliza hivyo hata siku moja.

Sasa magurudumu yameinamiana kwa juu, tairi zinalika upande wa ndani, nikimwambia ekseli imepinda ananijibu, "Aliyepinda ni wewe, unayelala mpaka jua linakupiga usoni," na badala ya kuibadilisha ameongeza majani mawili ya springi, vile vyuma bapa vya kubebea uzito, na kumwita fundi achomelee kipande cha chuma katikati ya ekseli. Siku kumi zimebaki kufika Hola na mama yangu atakaa juu ya kiraka hicho! Basi nikanunua kwa siri ekseli mpya, nene kushinda zote dukani, nikaificha kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, chini ya makapi ya ngano, nangoja baba aende kwa dada yake niibadilishe, niipake grisi na vumbi asiitambue. Mke wangu anacheka tu, "Baba ataijua kabla hajavua viatu." Nampenda mzee wangu, sitaki kumvunja moyo, lakini kumzika mama ndiyo sitaki kabisa. Nifanyeje?

Mwana wa Trela

Mwanangu,

Mkeo ana akili, msikilize. Na hofu yako ni ya haki: trela hiyo isibebe hata kuku. Majani ya springi hayaiongezei ekseli nguvu. Springi zikikakamaa, mkulima anapakia zaidi, na kinachopinda ni ekseli ileile. Punjab nzima tunalifanya kosa hilo. Mimi pia nililifanya, nikalala barabarani na miwa yangu. Na kile kiraka? Pembeni ya palipochomelewa ndipo itakapokatika.

Lakini wewe nawe! Nani alikufundisha kuchagua ekseli kwa unene, kana kwamba unachagua muwa wa kutafuna? Karatasi za mizani ya kiwanda cha sukari mnazo tele. Tafuta ile yenye uzito mkubwa kuliko zote, trela na mzigo wake, uongeze kidogo kwa ajili ya mashimo ya barabara, umwambie muuzaji, "Nipe inayobeba huu." Kama moja haitoshi, fungeni mbili, mpya zote, za aina moja. Halafu lala chini ya trela upime kutoka springi hadi springi na kutoka gurudumu hadi gurudumu. Hukupima, najua.

Najuaje? Siku tatu kabla ya barua yako nilipata nyingine, ya mzee wa hukohuko kwenu. Alikwenda kuwajulia hali wakwe wa mwanawe, na kabla hawajamtandikia kitanda cha kukalia akajikalia juu ya makapi ya ngano, akahisi chuma. Shemeji yako akamwaga chai. Mzee akaipima kwa shubiri, akaifunika tena, akanywa chai iliyobaki. Ananiandikia, na ameniruhusu nikuambie: "Ndugu Pritpal, ekseli yangu imepinda tangu mwaka juzi, naiona, ila mkono wangu umeshindwa kuitoa. Sasa kijana kanunua nyingine kwa mapenzi, na ni fupi kwa shubiri nzima. Nitamwambiaje bila kumvunja moyo?"

Haya. Kesho irudishe dukani ukabadilishe, na uende na baba yako. Kamba ya kupimia ashike yeye. Ile ya zamani msiipeleke kwenye chakavu. Ichimbieni isimame langoni, awe anaigonga akipita. Na keshokutwa, mvivu wewe, amka kabla yake, umpelekee chai, umuulize amelalaje.